Mfuko wa Pembetatu

Nilianza na kipande cha boksi la nafaka.
Nikakiegemeza ndani ya fremu, nikachora kwa penseli,
nikakata, nikapunguza pale inapokaa chupa ya maji,
nikapunguza tena, maana magoti yangu ni mapana
na yamekwisha gombana na kila nilichowahi kukifunga hapo.
Kilichobaki kilitoshana na kipande cha jibini.

Nikakificha ndani ya koti, nikakipeleka kwa Torgrim,
fundi wa Laksevåg auzaye kidogo na kusema sana.
Bergen ilikuwa Bergen: mvua, siku ya kumi na tisa,
si ya kishindo, bali yale manyunyu
yanayokulowesha huku yakijidai hayajaanza.

"Huu," nikasema, "umeandikwa hauingizi maji."
"Hata mimi," akajibu, "kwenye leseni yangu nina nywele."
Akaugeuza ndani nje, akaujaza maji ya bomba,
akautundika kwenye ndoano ya magurudumu.
Akanimiminia kahawa. Tukasubiri.

Wa kwanza ulilia mshononi kabla sukari haijayeyuka.
Wa pili haukuvuja,
ila zipu yake ilitaka mikono miwili na meno,
nami mvuani huwa na mkono mmoja tu, tena wa ganzi.
Wa tatu haukuwa na zipu wala uzi.
Mishono yake iliunganishwa kwa joto,
mdomo unaukunja mara tatu, kisha unaubana.
Kahawa ikaisha. Sakafu chini yake, kavu.
"Chukua huo," akasema. "Na usiujaze kama mtu anayehama."

Nikautia mpira wa ndani mmoja, uliopakwa poda,
nyenzo mbili za kubandulia tairi,
pampu fupi kama filimbi,
viraka, na gundi ile ambayo hukauka
hasa siku unayoihitaji,
kiungo cha cheni ndani ya kitambaa,
spana za pembe sita,
na soksi kavu, kwa ajili ya heshima.

Kila Alhamisi hupita handaki la baiskeli hadi Fyllingsdalen,
kwa kaka yangu Sigbjørn, ambaye tangu Aslaug aondoke
hujibu "salama" kwa kila swali,
hata ukimuuliza saa.
Handakini mvua haifiki. Dakika kumi
nasikia matairi yangu tu,
na najiuliza leo nitamuuliza nini.

Oktoba, nikiwa na haraka, nilitupia humo glavu zangu mbichi,
nikakunja mara tatu, nikabana, nikasahau.

Wiki mbili baadaye tairi likapasuka
mita chache kutoka mlangoni kwake.
Nikafungua mfuko. Harufu ikanitangulia.
Spana zimeshika kutu, soksi imeota ukungu wa kijani,
viraka vimeng'ang'aniana kama watoto wa baba mmoja
siku ya kugawana shamba.
Halikuingia tone hata moja la mvua.
Wala halikutoka.

Wasiyeziba ufa tumewasikia, na ukuta wanaoujenga.
Habari za aliyeziba zote, hakuna aliyenihadithia.

Sigbjørn akashuka na tochi na spana zake,
viatu havijafungwa kamba.
Akauinamia mfuko, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili,
akacheka. Kicheko kilichokwaruza,
kama cheni iliyolala nje majira mazima.
"Mambo haya usiku huachwa wazi," akasema,
"yapate hewa."

Sikumtazama. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya lami,
naupapasa ndani mwa tairi kutafuta kigae.
Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila Alhamisi, hali yake.
Mwanga wa tochi ukatikisika kidogo.
"Baridi," akasema.
Kisha, baada ya gari moja kupita, na jingine:
"Na nyumba ni kubwa."

Nikaendelea kujaza upepo,
taratibu kuliko tairi lilivyohitaji.